Jina Lake Katika Daftari Langu

Nilikuwa na daftari la maombi, dogo, lenye jalada la bluu, kona zimekunjika kwa kubebwa kila mahali. Jina la mwenzangu mmoja lilikuwa ukurasa wa tatu. Pembeni nilikuwa nimechora nyota, maana yake aombewe kila siku.

Tuliimba kwaya moja, tukisimama bega kwa bega. Usiku mmoja alinipigia simu akilia. Ndoa yake ilikuwa inayumba. Alinieleza yote, kisha akasema, "Dada, haya yaishie kwako." Nikaahidi, na siku ile niliahidi kwa moyo mmoja.

Baadaye akachaguliwa kuongoza kwaya. Mimi ndiye niliyetangulia kujiunga, na nilijua zamu ni yangu. Nilimkumbatia, nikasema Mungu ni mwema. Lakini tangu hapo kila alichofanya kilinikera. Akiwahi mazoezini, anajionyesha. Akichelewa, cheo kimempanda kichwani. Akinisifu, ananibembeleza kama mtoto. Paulo alimwandikia Tito kwamba vitu vyote ni safi kwa walio safi, bali kwa walio najisi hakuna kilicho safi. Miaka yote niliusoma mstari huo nikidhani ni habari ya vyakula tu. Kumbe ulinihusu mimi na macho yangu.

Ndipo siku moja kwenye maombi tukaulizwa kama kuna mwenye hoja. Nikasema kwa upole, "Tumwombee kiongozi wetu wa kwaya. Nyumbani kwake hakuko sawa." Yeye hakuwepo. Machozi yalinilengalenga, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo, kwa sababu hayakuwa ya kuigiza. Nilimhurumia kweli, na papo hapo nilitaka ashuke. Tukashikana mikono, tukaomba. Siku chache tu, habari zikamfikia.

Sikwenda kwake. Nilijiambia kwamba nilimwombea, na kumwombea mtu si dhambi.

Kilichonikamata ni somo. Nilipangiwa kufundisha Heri za Mathayo 5, nikawa naandaa ule mstari wa 8 wa wenye moyo safi. Nikafuatilia neno la Kigiriki lililotumika pale, katharos, nione Mathayo analitumia wapi tena. Nikalikuta kwenye kitani safi alichozungushiwa Yesu alipozikwa. Nikalikuta pia katika sura ya 23, Yesu akimwambia Farisayo asafishe kwanza ndani ya kikombe, ili nje nako kupate kuwa safi. Nikaweka kalamu chini. Nilikuwa nimeng'arisha nje hadi mwenyewe nikajiona humo.

Nikarudi sura ya 5, nikashuka mistari 15 tu, nikafika pale pa sadaka kuachwa mbele ya madhabahu. Yesu hasemi, "ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako." Anasema ndugu yako ndiye mwenye neno juu yako. Somo lile sikulifundisha. Niliomba mwingine anishikie zamu, nikaenda kwake na daftari mkononi. Sijui hata kwa nini nililibeba.

Nilimweleza bila kupamba: nilikuonea wivu, nikaitoa siri yako, nikaifunika kwa maombi. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono, akachukua daftari, akafungua hadi ukurasa wa tatu. Akapitisha kidole juu ya ile nyota.

"Hapa uliniombea kweli?"

"Mwanzoni, ndiyo."

"Mpaka lini?"

Sikuwa na tarehe ya kumpa. Nilimwambia hivyo hivyo.

Alinyamaza muda mrefu. Nilitamani sana kusema mstari wowote, niujaze ule ukimya, nikajizuia. Nadhani ndilo jambo safi pekee nililofanya mwezi ule. Mwishowe akasema, "Nimekusamehe, lakini siri nyingine sitakupa kwa sasa. Na tukikutana Jumapili usinianze na Bwana asifiwe. Niite jina langu."

Jumapili nilimkuta mlangoni amekumbatia vitabu vya nyimbo. Nikamwita jina lake, nalo likanitoka kwa sauti ndogo. Akanitazama, akagawa vile vitabu, nusu akanipa mimi. Tukaingia ndani kuvipanga kwenye viti, yeye safu za kulia, mimi za kushoto.