Ukimtoa huyu, nini kinapotea? Kuwapima wapiga gitaa wa roki

Vijiwe vya muziki vina ubishi mmoja usiochoka: nani mkali zaidi, Hendrix au Clapton, Page au Van Halen? Hauishi kwa sababu kila mtu anapima kwa rula yake. Mmoja anahesabu kasi, mwingine anahesabu machozi. Kuna kipimo kinachosaidia zaidi. Mfute mtu kabisa kwenye historia, kisha tazama mikono ya wapiga gitaa wa leo: ni kitu gani wanachokifanya kila siku ambacho wasingekuwa nacho? Ukipima hivyo safu inapanguka, na baadhi ya majina makubwa yanashuka ngazi mbili tatu.

Chuck Berry hashuki. Bana uzi wa 1 na wa 2 (wa 1 ndio ule mwembamba kuliko wote) kwa kidole kimoja kwenye freti ya 6 (freti ni vile vyuma vilivyolala kukatiza shingo ya gitaa), uzicharaze kwa pamoja: umeshaingia kwenye "Johnny B. Goode" ya 1958. Ongeza uzi wa 3 kwenye freti ya 8, uuvute mpaka sauti yake ikutane na ya uzi wa 2. Hapo umeshika malighafi ya solo za roki za miaka 20 iliyofuata. Wanaoanza huuliza kwa nini wimbo huo uko kwenye Bi flati, ufunguo (ngazi ya noti za wimbo) ambao mpiga gitaa hauchagui kwa hiari yake. Jibu ni piano. Muziki wa Berry ulikua ubavuni mwa piano ya Johnnie Johnson, na ufunguo huo humkalia vizuri mpiga piano. Hata ule mwendo wa rithimu unaotikisa uzi wa 5 na wa 4 ni mkono wa kushoto wa mpiga piano uliohamia kwenye gitaa.

Ukiujaribu mwendo huo kwenye Bi flati utaumia: kidole cha shahada freti ya 1 ya uzi wa 5, cha pete freti ya 3 ya uzi wa 4, kisha kidole kidogo kinyooke mpaka freti ya 5. Kosa la wengi ni kukumbatia shingo ya gitaa kwa kiganja kizima. Shusha kidole gumba kikae nyuma ya shingo, katikati, na uanzie mazoezi freti ya 7 au ya 8 ambako freti zimekaribiana. Ukizoea, rudi chini polepole. Na kabla hujamvika Berry taji lote, sikiliza Sister Rosetta Tharpe alichorekodi 1944. Mama wa nyimbo za kanisani, gitaa begani, sauti tayari inakwaruza. Orodha ya "wapiga gitaa bora" isiyomtaja imeanza hadithi katikati.

Clapton ndiye anayeshuka kidogo. Alichoacha ni ndoa ya gitaa la Les Paul na amplifaya ya Marshall. Mwaka 1966, kwenye albamu aliyorekodi na John Mayall, aliifungua amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) hadi ikalemewa, na sauti ile nene ikawa sare ya roki. Anayenunua Marshall ya wati 50 aipige chumbani kwa sauti ndogo anasikitika bure: valvu hazijalemewa, kwa hiyo hazisemi. Nyumbani tafuta amplifaya ya valvu ya wati 1 hadi 5, uifungue yote.

Hendrix ni habari nyingine, na pia ndiye anayeeleweka vibaya kuliko wote. Alitumia gitaa aina ya Stratocaster la mkono wa kulia akaligeuza, akapanga nyuzi upya ili uzi mnene ukae juu kwa mtu wa mkono wa kushoto. Watu husema eti ndiyo maana nyuzi zake zililegea. Si kweli. Uzi uleule, wenye urefu uleule kati ya daraja (linaloshika nyuzi mwilini mwa gitaa) na kizingiti cha juu (kilicho kichwani mwa shingo), ukiupandisha hadi noti ileile una mkazo uleule, kichwa cha gitaa kiangalie kokote. Kinachobadilika ni kipande cha uzi kilicho nyuma ya kizingiti. Kwenye gitaa lililogeuzwa uzi wa 1 unakwenda kwenye kitasa cha kukazia kilicho karibu kabisa, kwa hiyo ukiuvuta unapanda haraka zaidi; uzi wa 6 unakwenda mbali na unachelewa. Jambo la pili ni pikapu ya karibu na daraja, ambayo kiwandani imewekwa kimshazari. (Pikapu ya gitaa, ile sumaku inayonasa mtikisiko wa nyuzi, si ya kubebea matofali.) Gitaa likigeuzwa, mshazari nao unageuka: besi zinasogea kwenye daraja na kukaza, nyuzi nyembamba zinasogea mbali na kulainika. Hapo ndipo penye tofauti ya kweli, na unaweza kuipata kwa kufunga tu kibao ambacho pikapu yake ina mshazari uliogeuzwa.

Zaidi ya hapo alikuwa na kidole gumba. Alikipitisha juu ya shingo kubana uzi wa 6, vidole vinne vikabaki huru kupamba kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) huku besi inaendelea. Na ile kodi ya "Purple Haze" ni rahisi kuliko sifa zake: uzi wa 6 wazi, wa 5 freti ya 7, wa 4 freti ya 6, wa 3 freti ya 7, wa 2 freti ya 8, wa 1 unyamaze. Ina sol (G) ya kawaida na sol iliyopandishwa nusu toni, yaani freti moja, zikigombana ndani ya nyumba moja, ndiyo maana haitulii.

Pedali yake ya fazi, kiboksi cha kukanyaga kinachokwaruza sauti, ndiyo inayowatesa watu wa pwani. Fuzz Face za mwanzo, za 1966, zilitumia transista za jemani (germanium). Transista hizo huvujisha umeme kadiri joto linavyopanda, na uvujaji huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzijoto 10. Pedali iliyopangwa vizuri kwenye chumba cha baridi London, ukiiweka juani Mombasa au Dar es Salaam saa nane mchana, inaanza kukohoa: noti zinakatika kabla hazijaisha, sauti inakuwa kama ya spika iliyochanika. Haijaharibika. Iweke kivulini, au nunua yenye kitufe cha kurekebisha mkondo wa transista, au chukua ya silikoni na ukubali makali yake. Kosa jingine ni mpangilio. Fazi ya aina hii inataka kuunganishwa moja kwa moja na gitaa. Ukitanguliza pedali ya kutyuni au nyingine yenye saketi ya kusukuma mawimbi, fazi inakuwa nyembamba na yenye hasira, na ile raha ya kupunguza sauti kwenye gitaa ili mlio ujisafishe inapotea kabisa.

Sasa jiulize: wangapi leo wanapiga kama Hendrix? Wanaomwabudu ni wengi, wanaomfuata ni wachache. Wazambia walimsikia vizuri. Bendi kama WITCH na Amanaz, katika miaka ya 1970, zilichukua fazi na wawa (pedali inayofanya gitaa lilie "wa-wa") zikazipandikiza kwenye midundo yao, na ukizisikiliza leo hazisikiki kama nakala.

Anayefuatwa mpaka leo, kila siku, na watu wasiojua hata jina lake, ni Tony Iommi. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, mashine ya kiwanda cha mabati Birmingham ilimkata ncha za kidole cha kati na cha pete za mkono wa kulia. Iommi ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo huo ndio mkono wa kubania nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akafinyanga vikofia vya kuvisha ncha za vidole, akavibandika ngozi ya koti kuukuu ili visiteleze. Vikofia havina hisia: mtu hajui amebana kwa nguvu kiasi gani. Kwa hiyo alitafuta nyuzi nyembamba, hata akatumia za banjo. Akaegemea kodi za noti mbili, mzizi na tano yake, ambazo hazidai vidole vingi. Kufikia albamu ya tatu ya Black Sabbath, 1971, kwenye nyimbo kadhaa alishusha gitaa zima kwa nusu toni tatu.

Hesabu yake ni hii. Mkazo wa uzi huenda na mraba wa masafa. Ukishusha nusu toni moja unapoteza asilimia 11 hivi ya mkazo. Ukishusha tatu, asilimia 29. Kidole kilichojeruhiwa kinapata nafuu, na msikilizaji anapata kishindo ambacho hakijawahi kutoka kwenye gitaa. Hapo ndipo metali nzito ilipozaliwa: kwenye kutafuta nafuu. Bendi zinazoshusha gitaa leo zinashusha kwa sababu yake, ziwe Stockholm au Nairobi.

Anayejaribu kwa seti ya nyuzi za 9 hadi 42 (unene kwa sehemu za elfu za inchi) hukutana na matatizo mawili. Uzi wa 6 unaning'inia na kugonga freti, na ukiubana kwa nguvu unapanda juu ya noti, kodi yote inasikika haijatyuniwa. Dawa ya kwanza ni mkono mwepesi, kama wake. Ya pili ni seti nene, 11 hadi 54 kwa mfano, ila usiifunge tu na kuondoka. Mifereji ya kizingiti ilichongwa kwa nyuzi nyembamba. Uzi mnene utakwama humo, utasikia "tiki" unapokaza, kisha noti inaruka. Ipanue kwa faili ndogo ya duara, kidogo kidogo, ukipima na uzi wenyewe. Kama daraja ni la kuelea, kaza au legeza skrubu za springi nyuma ya gitaa mpaka likae sambamba na mbao, halafu tyuni tena. Rudia mara tatu au nne, maana kila uzi unaoukaza unalegeza wenzake.

Keith Richards wa Rolling Stones naye alipunguza badala ya kuongeza. Ondoa uzi wa 6 kabisa. Shusha wa 5 kutoka A hadi G na wa 1 kutoka E hadi D. Wa 4, 3 na 2 usiziguse. Nyuzi tano wazi sasa ni kodi ya G. Bana zote kwa shahada kwenye freti ya 5 upate C, kisha ongeza freti ya 6 kwenye uzi wa 2 na ya 7 kwenye uzi wa 4. Kodi imehama kwenda F na mkono haujasogea. Kwenda na kurudi huko ndiyo "Brown Sugar". Watu wanaoipiga kwa kutyuni kwa kawaida huhangaika miaka na bado inasikika kama mtu aliyevaa kiatu kisicho chake.

Van Halen ana wanafunzi wabaya kuliko wote, na kosa si lake. Mwaka 1978 alitoa "Eruption", isiyofika dakika mbili, na kila kijana akaanza kugonga freti kwa mkono wa kulia. Umbo lenyewe: uzi wa 2, gonga freti ya 9, vuta uachie freti ya 2, kisha tupia kidole kidogo freti ya 5, rudia. Kwa mkono dhaifu zinatoka noti mbili na kelele moja. Kelele ni za nyuzi jirani. Zizime kwa kiganja, au hata kwa kitambaa ulichofunga karibu na kizingiti. Steve Hackett wa Genesis alikuwa akigonga tangu mapema miaka ya 1970. Alichoongeza Van Halen ni mdundo: noti zake zinacheza. Wafuasi walichukua kasi, wakaacha dansi.

Urithi wake mzito ni wa fundi. Gitaa lake alilikusanya kwa vipande, akatia pikapu ya Gibson aliyoizamisha kwenye nta ili isipige mluzi. Pikapu hupiga mluzi kwa sababu waya wa koili umelegea na unatetemeka kama maikrofoni. Ukitaka kufanya hivyo: sehemu nne za nta ya mishumaa, sehemu moja ya nta ya nyuki, kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto moja kwa moja, kwani mvuke wa nta hushika moto. Kaa kwenye nyuzijoto 65. Ukivuka 70 plastiki ya koili inaanza kupinda, na pikapu iliyopinda hairudi. Izamishe dakika 15 hadi 20, mpaka viputo vikome, itoe, ifute, iache ipoe.

Lile lingine, la kushusha volti za amplifaya, liache. Alishusha umeme wa Marekani kutoka volti 120 hivi hadi karibu 90. Kwa hesabu hiyo nyuzi za joto za valvu zilizotengenezewa volti 6.3 zinapata 4.7, na valvu zinachakaa. Kuna mitaa yetu ambako umeme hushuka hivyo jioni bila kuombwa, na amplifaya ikalainika; furahia, lakini usifanye mazoea.

Brian May wa Queen hana warithi, na kwa kipimo changu ilibidi ashuke. Inashindikana kumshusha. Gitaa lake alianza kulitengeneza na baba yake 1963: shingo ni mbao ya rafu ya juu ya meko la kuotea moto, springi za daraja ni za pikipiki, ncha ya mkono wa kutikisia ni sindano ya kufumia. Kila pikapu kati ya tatu ina swichi mbili, ya kuwasha na ya kugeuza fezi (mwelekeo wa mawimbi ya sauti). Washa mbili, geuza moja, besi inajifuta na inabaki sauti ya puani, kama mtu anayelalamika simuni. Kwa kitu hicho alirekodi gitaa juu ya gitaa mpaka ikawa kwaya, nyuma ya sauti ya Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Zanzibar wa 1946 tunayemjua kama Freddie Mercury. Piki yake, kile kipande cha kucharazia, ni sarafu ya peni sita ya Uingereza, iliyokoma kutumika 1980. Ukijaribu na sarafu yoyote yenye meno pembeni utaipata ile "kkh" mwanzoni mwa noti. Itakula nyuzi zilizosokotwa, ya 4 kwanza. Beba ya akiba.