Nilivyosimamia vita ya meli ya timu mbili, watu kumi, bila mtu kuboeka

Kuna watu wananiomba hizi sheria kila mara, ngoja niziandike zote hapa pamoja na sababu zake maana nyingine ukiziona hivi hivi utadhani refa ana roho mbaya tu.

Gemu lenyewe wengi mnalijua, lile la kuchora viboksi 10 kwa 10 kwenye daftari, pembeni herufi A mpaka J, juu namba 1 mpaka 10, unaficha meli zako tano na mwenzako anarusha D7 unamjibu maji au imegongwa. Watu wamelicheza kwenye karatasi toka zamani, mwaka 1967 ndo Milton Bradley wakatoa lile la plastiki la kuchomeka vijiti. Meli moja ina viboksi 5, moja 4, mbili zina 3 na ya mwisho 2, jumla viboksi 17 kati ya 100. Sisi tumezipa majina ya kwetu: jahazi, mashua, dau, ngalawa na mtumbwi.

Sasa hilo ni la watu wawili. Mimi nilikuwa na watu kumi, washkaji tuliosoma wote, wengine Dar, wengine Mwanza, mmoja yuko Muscat, na nilitaka wote wacheze kweli, sio wawili wacheze halafu nane wawe wanatuma stika. Na hapo ndo kazi ilipo. Sheria za kupigana ni rahisi mno, kinachosumbua ni nani anaamua na aliyekufa anafanya nini.

Kwenye kuamua, ukimpa kepteni kila kitu raundi zinaenda fasta ila wengine wanalala. Ukisema kura mnakesha, si unajua watu wetu, mmoja anataka kujua kwa nini kura yake ya C4 imedharauliwa. Nilichofanya ni kumpa kila mtu meli yake na kombora lake. Wewe ndo mwenye mashua, basi kila raundi una shoti moja, timu itakushauri kwenye grupu lenu la pembeni, ila unayebonyeza ni wewe. Hii sikuibuni mimi moja kwa moja, kuna staili ya zamani ambayo idadi ya makombora kwa raundi ni idadi ya meli zilizobaki hai, mimi nimegawa tu kwa watu. Raha yake ni kwamba meli yako ikizama kila mtu anaisikia, timu inashuka toka makombora matano mpaka manne, kwa hiyo hata anayemiliki mtumbwi analindwa kama mfalme.

Nani aanze? Hakuna. Timu zote zinanitumia makombora inboksi kabla ya saa 3 usiku, saa za huku, Muscat inakuwa saa 4, halafu natangaza majibu ya pande zote kwa pamoja. Meli iliyozama usiku huo bado kombora lake la usiku huo linahesabika. Zikimalizana zote usiku mmoja ni sare, hamna penati. Ambaye hajatuma kombora limepotea, simpigii mtu simu, na voisi noti sipokei kabisa kwa sababu be, de, ge na je kwenye voisi ya mtu aliyepanda daladala ni herufi moja. Andika, herufi kwanza namba baadae. Ukiandika 7D inasomwa maji.

Ramani mnachora kwenye karatasi, mnapiga picha, mnanitumia kabla ya raundi ya kwanza, ikishafika kwangu hakuna cha "tulikuwa tunataka kuisogeza kidogo". Meli zinalala au zinasimama, hazikai mshazari, na haziruhusiwi kugusana hata kwa kona. Watu waliilalamikia hii ya kugusana, ila mimi naitetea mpaka kesho. Ukizamisha jahazi lililokaa katikati ya ramani unajua viboksi 16 vyote vinavyolizunguka ni maji, kwa hiyo ushindi mmoja unakufungulia eneo zima, na gemu haiburuzi mpaka watu wakachoka.

Mke na mume wanakaa timu moja. Sielezi.

Majibu nayo ni siasa. Kuna wanaotaka nitaje kila kombora limefanya nini, kuna wanaotaka niseme tu "mmegonga mbili" bila kusema zipi. Nimejaribu zote, na kwa watu hawa, ile ya pili ndo tamu, maana usiku mzima watu wanabishana je ni E5 na H2 au E5 na B8, wanapanga makombora ya kesho ya kuhakikisha. Ila lazima useme meli ikizama na ni ipi, otherwise mtaumwa vichwa. Na kwa timu ambayo ndo inaanza kucheza wape majibu kamili kwanza.

Sasa waliokufa. Aliyezamishwa mapema ndo anayeondoka kwenye grupu na kukuharibia gemu nzima, so nikaweka kitu tunaita darubini: meli yako ikizama, mara moja tu kwenye gemu unaniuliza mstari mmoja, wima au mlalo, una viboksi vingapi vya meli ya adui, nami nakujibu namba tu, na vilivyokwisha gongwa nahesabu humo humo. Wazo nililitoa kwenye ile chemshabongo ya meli iliyoanzia Argentina mwaka 1982, ambayo unapewa namba za mistari pembeni na unatafuta meli zilipo. Unaona mzuka wake, timu inayopigwa ndo inayopata macho zaidi, na marehemu anakuwa mtu anayebembelezwa, "kaka usiitumie kwanza, subiri tupige J tuone". Ukiikuta sifuri umefuta mstari wote.

Mbinu siwafundishi zote ila mbili ni haki ya kila mtu. Meli ndogo kabisa ina viboksi viwili, kwa hiyo rusha kwenye viboksi vya rangi moja tu, kama ramani ingekuwa bodi ya drafti, viboksi 50 vinatosha kugusa kila meli. Mtumbwi ukishazama ruka kwa tatu tatu. Na anza katikati: jahazi likiwa peke yake linaweza kukaa kwa namna 120, kiboksi cha E5 kinaguswa na namna 10, cha kona kinaguswa na 2 tu. Ndo maana wajanja wanaficha pembeni, na ndo maana wajanja zaidi wanajua hilo.

Mkiwa sita sita msipanue ramani, ongezeni mtumbwi wa pili, viboksi vinakuwa 19. Mkiwa wanne wanne mmoja abebe dau na mtumbwi, atume makombora mawili, na darubini yake aipate vyote viwili vikishazama.