Miaka Saba Uholanzi, na Sina Hata IST

Jumamosi nilituma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mimi na mwanangu juu ya baiskeli, yeye kwenye kiti chake cha nyuma, kapu la mbele limejaa vitunguu na mikate. Hazikupita dakika kumi, kaka yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, akajibu: "Dada, miaka saba Ulaya hata IST huna?" Wengi wakacheka kwamba hata kile kigari kidogo cha Toyota sina. Iliniuma, nikazima simu. Leo nimetulia, nijibu kwa kirefu.

Naishi Utrecht, upande wa Leidsche Rijn. Kutoka mlangoni kwangu hadi stesheni kuu ni kama dakika ishirini, tena kwa kukanyaga pedeli taratibu. Ule mfereji mkubwa wa meli za mizigo tunauvuka kwa daraja la baiskeli na waenda kwa miguu. Limepewa jina la Dafne Schippers, yule mkimbiaji aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 200, mzaliwa wa mji huu huu. Njia ya kushukia inapita juu ya paa la shule ya msingi. Watoto wako darasani, sisi tunateremka juu ya vichwa vyao, na hakuna anayemsumbua mwenzake.

Chini ya uwanja wa stesheni kuna maegesho ya baiskeli 12,500, ngazi tatu, yalikamilika 2019. Unaingia bila kushuka kwenye baiskeli. Kibao cha kila safu kinakuonyesha nafasi zilizobaki. Unavuta reli ya juu ya kuwekea baiskeli, inashuka ikilia, unapandisha tairi la mbele, unasukuma, unafunga kufuli. Saa 24 za kwanza hulipi hata senti. Unapanda ngazi na treni ya Amsterdam hiyo hapo, kila dakika kumi mchana kutwa, na safari yenyewe haifiki nusu saa. Ikiniacha moja, sikimbii.

Sasa wewe kaka, unakumbuka kule Dar es Salaam tulivyokuwa tunatoka Gongo la Mboto saa kumi na moja alfajiri ili tuwahi Posta? Waliowahi kuingia daladala kwa dirishani hawahitaji maelezo yangu. Mama alikuwa akituacha tumelala na kutukuta tumelala. Sura yake tuliiona Jumapili. Biashara yake Kariakoo ilikuwa inaisha saa kumi na moja jioni. Kilichobaki kilikuwa cha foleni. Miaka mingapi ile? Hilo ndilo linalonichoma ninapoambiwa sina gari. Na hiyo IST yako, uliponipokea uwanja wa ndege tuliganda Buguruni mpaka jua likazama, kiyoyozi kinapuliza, mafuta yanaungua, na nyumbani Tabata palikuwa pua na mdomo.

Msiniambie wazungu wamezaliwa hivi. Miaka ya sabini mji huu ulifukia kipande cha mfereji wake wa kale, Catharijnesingel, ukapitisha barabara kubwa ya magari. Wakaishi nayo, wakaichoka, wakaing'oa. Mwaka 2020 maji yakarudi, na leo pale watu wanapiga makasia. Walikaa wakaamua. Kwetu baiskeli tumemwachia muuza maziwa, na anayetembea kwa miguu anapita kwenye mtaro.

Mnaotaka kuja, sikilizeni. Jifunzeni baiskeli huko huko, hasa dada zangu ambao tulikatazwa utotoni. Kodi ya nyumba itameza mshahara, na nyumba zenyewe hazipatikani. Bila anwani hujiandikishi manispaa, bila kujiandikisha hupati namba ya utambulisho, BSN, na bila namba hiyo mambo ya benki, bima na ajira yote yanakwama. Kwa hiyo tafuta mahali pa kulala panapokubali kukuandikisha kabla hujakata tiketi. Nunua kufuli mbili na taa za mbele na nyuma, polisi hawana utani na baiskeli isiyo na taa. Na upepo wa Novemba unaokuja usoni na mvua, huo nimelia nao mwaka wa kwanza, waziwazi, barabarani.

Lakini saa kumi na moja na nusu jioni niko jikoni. Nakaanga vitunguu, mwanangu yuko mezani anachora, ananisimulia nani kamsukuma shuleni. Kila siku ya kazi. Gari naweza kulinunua, kaka. Nikishalipa mafuta, bima, kodi ya barabara na maegesho ya mjini, litanifikisha wapi ambako sijafika?

Mama hakucheka kundini. Usiku alinitumia sauti fupi: "Mwanangu, huyo mtoto mvua ikinyesha unamfunika na nini?" Nikamtoa mtoto kitandani, nikamvalisha koti lake la njano linalofika magotini, na kofia, nikampiga picha, nikamtumia bibi yake.