Siku moja kwenye thieta ya wasiolazwa, Kisumu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kila aliyeketi kwenye benchi, anayengoja kupasuliwa na kurudi nyumbani leo, anaulizwa, "Umekunywa nini, na saa ngapi?" Chakula huachwa muda wa saa sita kabla ya dawa ya usingizi, maji matupu saa mbili. Kinachoharibu mambo ni chai. Mgonjwa anaapa hajala, kumbe saa kumi na moja alfajiri amepiga kikombe cha chai ya maziwa, na maziwa tumboni ni chakula. Huyo anasogezwa hadi saa tano, nafasi ikiwapo. Wa mtoto wa jicho hawana taabu hiyo. Wao ni ganzi tu.

Saa moja na nusu, orodha. Mwenye kisukari huwekwa mbele, njaa isije ikamshusha sukari. Kisha henia (ngiri) za sindano ya mgongo, ile ya kutia ganzi kiunoni kwenda chini, kwa sababu miguu huchukua saa mbili hadi nne kurudi, na mkojo huweza kuchelewa zaidi. Mtu wa sindano ya mgongo akiingia saa nane mchana, jioni bado hajakojoa na matatu ya Usenge imeshaondoka. Umemlaza bila kupanga. Henia ndogo ya ganzi ya hapohapo inaweza kungoja mchana, mradi hesabu iwe sawa: lidokeini, dawa ya ganzi, ikiwa tupu haizidi miligramu 3 kwa kilo, kwa hiyo mtu wa kilo 60 ana mililita 18 tu za dawa ya asilimia 1. Hazifiki kokote. Ikitiwa adrenalini, kiwango hupanda hadi miligramu 7 kwa kilo. Ukiizimua iwe asilimia 0.5, unapata mililita 84, na hapo ndipo mwisho.

Saa tatu, macho. Kwa mkono uliozoea, jicho moja ni dakika kumi hadi ishirini, na kidonda hujifunga bila uzi. Cha ajabu, upasuaji huu mwepesi ndio huwalaza watu wa mbali: bandeji hufunguliwa kesho yake asubuhi, na nyanya wa Mbita, ng'ambo ya ziwa, hawezi kupanda feri kwenda na kurudi kwa ajili ya usiku mmoja. Nauli imeamua.

Saa sita, kuondoa tonsili za koo. Hapa hata nchi hazipatani: Ufini na Uswidi watoto wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo, Ujerumani hulazwa siku kadhaa. Kisu ni kilekile. Wanachoogopa wote ni damu, hasa saa za mwanzo, halafu tena kati ya siku ya 5 na ya 10. Mtoto anayemezameza mate usingizini huenda anameza damu. Washa tochi, tazama koo. Wa Milimani, hapa mjini, aende jioni, wa kisiwani alale. (Na bima ikilipa kwa usiku wa kitanda, usishangae vitanda kujaa.)

Saa tisa na nusu, kuruhusu. Presha imetulia, hatapiki, kidonda kikavu, ametembea hadi chooni. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa sita kwa mtu mzima, asingoje maumivu yapande. Aliyepewa dawa ya usingizi haendeshi chombo wala kutia sahihi hati yoyote kwa saa 24. Asiye na mtu mzima wa kumwangalia usiku nyumbani anakwenda wodini, hata kama anacheka.

Saa kumi na moja jioni, simu kwa wa kesho: strungi, chai kavu, ruksa hadi alfajiri, maziwa hapana.