Siku moja maishani mwangu: Kihispania Salamanca, bila kupitia Kiingereza

Ni Jumanne ya Novemba, muhula wa kwanza, mwaka wa pili wa shahada ya Filología Hispánica (lugha na fasihi ya Kihispania) katika Chuo Kikuu cha Salamanca, Uhispania. Saa zote humu ni za Kiswahili. Mwanafunzi wa kwetu ana hesabu ya ziada hapa: las nueve ni saa tatu, las tres ni saa tisa. Kugeuza kichwani kila mara kunachelewesha na kunapotosha, hasa mtu anapokutajia miadi kwa simu. Dawa ni kuiweka simu ya mkononi kwenye mtindo wa saa 24 na kuzoea kuona 17:00 na kusema "las cinco" bila kwanza kupita kwenye saa kumi na moja.

Saa moja asubuhi

Nje bado giza. Salamanca iko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Novemba jua huchomoza karibu na saa mbili, kwa kuwa Uhispania inafuata saa za Ulaya ya kati ingawa iko magharibi kabisa.

Zoezi la kwanza ni sikio. Narekodi dakika mbili za taarifa ya habari ya redio ya taifa, RNE. Mara ya kwanza nasikiliza tu, kalamu chini. Mara ya pili naandika ninachokipata, mara ya tatu najaza mapengo, kisha kila pengo lililobaki nalizungushia duara. Kazi yenyewe ni kuyapanga hayo maduara: je, ni neno nisilolijua, au ni neno ninalolijua ila limemezwa? Mara nyingi ni la pili. "Va a hacer" ni maneno matatu kwenye karatasi, lakini mtangazaji wa Castilla, eneo hili la kati la Uhispania, anatamka kitu kama "bather". Mwenye shida hiyo akikariri msamiati zaidi hapati nafuu. Anachohitaji ni kusoma kwa sauti akiunganisha irabu.

Saa tatu asubuhi

Kipindi cha fonetiki, Palacio de Anaya, jengo la kitivo linalotazamana na kanisa kuu. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili anaanza mbele ya wenzake wengi. Irabu za Kihispania ni tano, a e i o u, na zinatamkwa kama zetu. Ñ ni ny ya "nyama". J ni kh, kama watu wa pwani wanavyoitamka "kheri". Z, pamoja na c kabla ya e na i, hapa Castilla ni th ya "thelathini". Amerika ya Kihispania, visiwa vya Canarias na sehemu kubwa ya Andalucía wanasema s. D kati ya irabu inalainika karibu na dh ya "fedha", kama katika "nada", na g inaelekea gh ya "ghali", kama katika "lago". Vitabu vingi vinayaeleza haya kwa kuzunguka Kiingereza, lugha isiyo na kh wala gh. Mswahili asiyafuate maelezo hayo.

Matatizo yetu ni mengine. V tunaisoma kama ya "vitu" wakati Kihispania hakitofautishi v na b: "vino" inaanza sawasawa na "bueno". Konsonanti ya mwisho tunaiongezea irabu ("ustedi", "relohi"), na konsonanti mbili zikiandamana tunazitenganisha ("tarabaho" badala ya "trabajo"). R moja ni ile ya "habari", lakini rr inataka ulimi utetemeke mara kadhaa, maana "pero" ni lakini na "perro" ni mbwa. Ambao lugha zao za nyumbani zinachanganya l na r wafanye jozi kila siku, dakika tano: pelo na pero, palo na paro, alma na arma. Wajirekodi, wasikilize kesho yake na si papo hapo. Ukijisikiliza papo hapo unasikia ulichokusudia, si ulichotamka.

Kubwa kuliko yote ni mkazo. Sisi mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania nacho huuweka hapo neno likiishia kwa irabu, n au s. Likiishia kwa konsonanti nyingine, unahamia silabi ya mwisho, na kinachokiuka kanuni hizo huwekewa alama. Kwa mazoea yetu tunaipuuza alama, na hapo maana inageuka: "hablo" ni nazungumza, "habló" ni alizungumza. Término, termino na terminó ni maneno matatu mbalimbali.

Saa tano

Mapumziko. Kahawa ya maziwa na kipande cha tortilla, ambayo hapa ni mayai kwa viazi. Wanafunzi wengi wa Uhispania huwaita wahadhiri kwa jina la kwanza na kutumia "tú", "wewe" ya kawaida. Aliyelelewa na shikamoo huona vigumu, na hana haja ya kujilazimisha. Anza na "usted", "wewe" ya heshima, na mwenyewe akikwambia "tutéame" (niite tú), badilisha siku hiyohiyo. Kuendelea na "usted" baada ya hapo huonekana kama kumweka mtu mbali.

Saa tano na nusu

Sarufi, kipindi kizito cha siku. Sarufi ya kwanza ya Kikastilia (yaani Kihispania) kupigwa chapa, ya Antonio de Nebrija, ilitoka mji huuhuu mwaka 1492, lakini leo tumo kwenye mambo madogo: "a" ya mtu na sentensi za "si", ambayo kwa Kihispania ni "kama".

Wazungumzaji wa Kiingereza huteseka na "a" katika "veo a María". Sisi tunayo tayari, imevaa nguo nyingine. Tunasema "naona nyumba", lakini "namwona Maria", na ile -mw- ni lazima. "Natafuta fundi" ni fundi yeyote: busco un fontanero. "Namtafuta fundi" ni yule tunayemjua: busco al fontanero. Kabla ya kuandika "a", jiulize kama Kiswahili kingetaka kiambishi cha mtu, na mara nyingi utapata jibu. Vivyo hivyo "le di el libro a María", ambapo le na María wanamtaja mtu yuleyule, si kitu kigeni kwa anayesema "nilimpa Maria kitabu".

Subjuntivo, umbo la kitenzi la jambo linalotakiwa au lisilo hakika, nayo ina mlango. "Quiero que venga" ni "nataka aje": -e ya mwisho wa kitenzi chetu inafanya kazi ileile baada ya kutaka, kuomba na kuamuru. Mlango unafungwa kwenye wakati ujao. Sisi tunasema "utakapofika, nipigie", wao wanasema "cuando llegues, llámame", kwa subjuntivo. Mswahili anayefuata -taka- yake ataandika "cuando llegarás", na hilo ni kosa.

Halafu "si". Kiswahili kinaweka -nge- pande zote mbili: angekuja, ningemwambia. Kihispania kinagawa: upande wa "si" unachukua subjuntivo ya wakati uliopita, upande wa pili unachukua condicional, umbo la "ningesema". Si viniera, se lo diría. Kwa -ngeli- ni vivyo hivyo, hatua moja nyuma: si hubiera venido, se lo habría dicho. Tukihamisha mpangilio wetu tunapata "si vendría, se lo diría", sentensi ambayo wenyeji wa baadhi ya maeneo ya kaskazini kama Nchi ya Basque huisema pia, lakini kwenye mtihani inakatwa. Njia ya kujirekebisha: andika sentensi kumi za -nge-, pigia mstari -nge- iliyo baada ya "kama" au inayoweza kutanguliwa na "kama", na hiyo tu ndiyo uigeuze kuwa -ra. Fanya hivyo mpaka mkono uzoee.

Tahadhari moja na -me-. "Leo nimekula" ni "hoy he comido", sawa kabisa kwa Castilla. Lakini "nimechoka" ni "estoy cansado", "nimesimama" ni "estoy de pie", "nimevaa shati" ni "llevo una camisa". -me- inayotaja hali, si tendo, haiendi kwa "he".

Saa nane mchana

Maduka mengi madogo yanafungwa mpaka saa kumi na moja hivi. Watu wanakula menú del día: chakula cha kwanza, cha pili, kitindamlo, mkate na kinywaji kwa bei moja. Asiyekula nguruwe aulize "¿lleva cerdo?" (kina nguruwe?) na asiridhike na "sin carne" (bila nyama), maana dengu hupikwa na chorizo (soseji ya nguruwe) na supu huwa na mfupa wa jamón (paja la nguruwe lililokaushwa), na vipande vidogo vya jamón wengi hawavihesabu kuwa nyama.

Saa kumi

Maktaba. Mwaka mmoja wa shahada ni krediti 60, na krediti moja huhesabiwa saa 25 za kazi, yaani saa 1,500 kwa mwaka, ambazo vipindi ni sehemu tu. Siku nyingine naketi maktaba ya umma iliyomo ndani ya Casa de las Conchas, nyumba ya zamani iliyopambwa kwa kombe za mawe ukuta mzima. Kamusi ni ya Real Academia Española, bure mtandaoni. Kamusi za lugha mbili za Kihispania na Kiswahili ni chache na nyembamba, kwa hiyo ni bora kuzoea mapema maana iliyoelezwa kwa Kihispania chenyewe.

Kazi ya leo ni kuhesabu mizani. Anayejua utenzi ataipenda, ila aache desturi moja mlangoni. Kwetu kila irabu ina mizani yake, na mstari wa utenzi una mizani nane hata ukiusoma polepole vipi. Kihispania huunganisha irabu ya mwisho wa neno na ya mwanzo wa neno linalofuata, wanaiita sinalefa. Chukua "la casa está abierta". Kwa hesabu yetu ni tisa: la, ca, sa, es, tá, a, bi, er, ta. Kwa hesabu yao ni sita, maana hata "ie" ya "abierta" ni silabi moja: la, ca, saes, táa, bier, ta. Kisha angalia neno la mwisho la mstari: likiwa na mkazo silabi ya mwisho ongeza moja, likiwa na mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho punguza moja. Ukisahau hatua hii, mashairi yote mazuri yataonekana yana kasoro.

Saa kumi na moja jioni

Semina ya fasihi: Lazarillo de Tormes, kitabu kisicho na jina la mwandishi. Matoleo manne ya 1554 yanajulikana, la Burgos, Alcalá, Amberes (Antwerp) na Medina del Campo, na mwaka 1559 kiliingizwa kwenye orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku na Inquisición, mahakama ya kanisa. Mwanzo wa sura ya kwanza unafanyika hapahapa: kipofu anamwambia mtoto aweke sikio kwenye fahali wa jiwe darajani asikie kelele ndani, kisha anambamiza kichwa. Fahali huyo, sasa hana kichwa, bado yuko kwenye Daraja la Kirumi, mwendo mfupi kushuka kutoka kitivoni.

Kinachoandikwa hapa ni comentario de texto: mahali kifungu kilipo katika kitabu, dhamira kwa sentensi moja, mgawanyo wa sehemu, uchambuzi wa lugha, hitimisho. Kinachowaangusha wengi ni kusimulia upya hadithi kwa maneno yao. Kila aya ya uchambuzi ianze na jambo la lugha (kitenzi, taswira, nani anasema) na ndipo maana yake ifuate.

Saa mbili usiku

Intercambio, yaani kubadilishana lugha. Watu hukutana chini ya saa ya Plaza Mayor, uwanja uliojengwa kati ya 1729 na 1755. Nusu saa lugha yako, nusu saa yangu. Ukweli ni kwamba wanaotafuta Kiswahili ni wachache, na wengi watakuomba Kiingereza. Kubali, lakini weka saa mezani, nusu ya Kihispania iwe ya kwanza, na usiruhusu Kiingereza kivuke kwenda upande wa pili. Bila hivyo jioni yote inaishia kwa Kiingereza.

Saa nne usiku

Chakula cha jioni kimeliwa saa tatu na nusu, kama desturi. Sasa ni DELE B2, mtihani wa Kihispania wa kiwango cha B2 unaotolewa na Instituto Cervantes. Una sehemu nne: kusoma dakika 70, kusikiliza 40, kuandika 80, kuzungumza 20 pamoja na 20 za maandalizi. Alama zinagawanywa makundi mawili ya 50, kusoma na kuandika upande mmoja, kusikiliza na kuzungumza upande mwingine, na lazima upate 30 katika kila kundi. Kwa hiyo msomaji hodari aliye bubu hapiti, hata jumla yake ikizidi 60. Kuandika ni kazi mbili za maneno 150 hadi 180 kila moja. Nazipangia dakika 35 na 35, na kumi zinazobaki ni za kusahihisha tu.

Kusahihisha kuna mpangilio wake, kwa sababu jicho haliwezi kutafuta kila kosa kwa pamoja. Mzunguko wa kwanza ni el, la, un, una peke yake. Kiswahili hakina vitu hivi, na ndipo tunapopoteza alama nyingi. Wa pili ni jinsia, pamoja na él na ella, ambao kwetu wote ni "yeye". Wa tatu ni ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa": "yuko nyumbani" ni está, lakini "ni mgonjwa" pia ni está, na "sherehe iko kwangu" ni "la fiesta es en mi casa". Wa nne ni alama za mkazo.

Saa tano usiku

Kosa lililojirudia mara tatu kwenye daftari linaandikiwa mhadhiri, ambaye ana saa zake za tutoría, za kuwaona wanafunzi, kila wiki. Barua pepe inaanza "Estimada profesora:" kwa nukta mbili, si mkato, ikifuatiwa na swali moja lenye sentensi mbili za mfano: moja niliyoiandika, na moja ninayodhani ndiyo sahihi.