Siku waya wa hendibreki ulipokatika Soni

Hii ilikuwa 2011, nimemaliza form six niko tu nyumbani Lushoto nasubiri majibu, mjomba akaniambia badala ya kukaa unahesabu mabati njoo unisaidie kwenye gari. Gari yenyewe Hilux dizeli ya 1994, anashushia kabichi na karoti Mombo, na kama umeshapita ile barabara unaijua, kona juu ya kona, huku mlima huku korongo. Utingo wake kalazwa na malaria kwa hiyo mimi ndo nikawa utingo, na kazi kubwa ya utingo pale wala haikuwa kupakia, ilikuwa gogo. Gari ikisimama unaruka na gogo la mkaratusi unalisukumia kwenye tairi kabla mjomba hajatoa mguu kwenye breki.

Hendibreki ilikuwepo, ile ya kuvuta chini ya dashibodi yenye mkono kama wa mwavuli, ila ilishika kwa kubembelezwa. Halafu betri ilishachoka, ukizima mnasukuma, sasa mlimani nani asukume? Hatuzimi. Na usipozima huwezi kuiacha kwenye gia.

Siku hiyo tunapandisha kurudi, nyuma tuna matenga matupu na mifuko kumi ya simenti ya mtu, tukasimama Soni, mji mdogo wa njiani, kuishusha. Mjomba akavuta kwa mikono miwili, ikashika, akashuka. Mimi nikaona si imeshika bwana, gogo nikaliacha nikawa napatana bei ya mapeasi na mama mmoja mwenye kibanda. Nikasikia "tap!" chini ya gari. Kugeuka, Hilux inakuja kinyumenyume, mjomba aliyekuwa anafungua mlango wa bodi karuka pembeni na kanzu yake, tairi likaingia mtaroni ndo ikatulia, ila bodi lilishaangusha nguzo ya kibanda na ndoo tatu za mapeasi zikateremka na barabara. Mjomba alilipa yote pale pale. Mimi hakuniambia neno mpaka nyumbani, bora angenitukana.

Kesho yake akaenda Korogwe kununua waya, akarudi nao, fundi akaangalia akacheka. "Kaka umeenda bila ule wa zamani? Umekatika wa kulia, huu wa kushoto, urefu haulingani." Kwa hiyo safari ya pili, na hiyo nikatumwa mimi na daladala, waya uliokatika nimeuviringisha kwenye rambo.

Kazi tulifanyia uwanjani nyuma ya nyumba, pametulia. Matairi ya mbele tukayakaba kwa mawe, nati tukalegeza gari ikiwa bado chini, ndo tukapiga jeki na kuweka magogo chini ya eksel. Dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki ya tairi la nyuma, ikagoma kutoka. Nikachukua nyundo, fundi akanipokonya, akanionyesha matundu mawili kwenye uso wa dramu, akaingiza bolti mbili akawa anazikaza kidogo huku kidogo kule na dramu ikajisukuma yenyewe nje. Sikuamini. Na vumbi la ndani akanikataza kulipuliza kwa mdomo, akaliosha kwa maji.

Mi nilidhani sasa tunafunga waya tumalize. Fundi akashika kale kakono ka chuma nyuma ya dramu ambako waya unakavuta, akaniambia dogo kasukume. Kalikuwa kama kamechomelewa. Kutu tupu kwenye pini. "Waya haukuwa na kosa, ulikuwa unavuta jiwe, ukifunga mpya leo nao utakatika." Basi tukakatoa, tukakaloweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi nyundo, msasa, grisi, na ka upande wa pili hivyo hivyo japo waya wake ulikuwa mzima. Hapo vidole vyangu vyote vimechubuka. Waya wenyewe kuufunga haikufika hata nusu saa.

Kitu kilichomshangaza mjomba ni pedeli. Miaka anakanyaga breki mpaka karibu na sakafu, kabadilisha brekishuu, vile vipande vinavyosugua dramu kwa ndani, katoa upepo, wapi. Fundi akasema kwenye hizi Hilux za zamani ukivuta hendibreki ndo inajikaza ajasta, kale kadude kanakosogeza brekishuu karibu na dramu, sasa kama hendibreki imekufa brekishuu zinalika na hakuna wa kuzisogeza. Tukavuta na kuachia, kuvuta na kuachia, nikiwa nasikia tiki tiki kule ndani, mjomba akakanyaga pedeli, akaniangalia, akasema, "Mjomba, imepanda!" Alikuwa kama mtoto.

Wiki ile ile utingo akapona tukashuka wote watatu, na kurudi mjomba akataka kuijaribu pale pale Soni. Akavuta, akatoa mguu, gari imetulia tuli. Utingo hata hajaambiwa kitu, kasharuka na gogo lake. Na yule mama wa mapeasi alivyotuona tu akanyanyuka, akaanza kuhamisha ndoo moja moja.