Macho ya Mwanasesere wa Dani

"Mbona akifunga macho kichwa kinalia tok?" Binti yangu aliniuliza jana, akimlaza mwanasesere wa Dani, nyanya yangu. Nikamwambia hiyo ni chubwi, kile kizito cha nyavu za samaki. Akaendelea na mchezo wake, mimi nikabaki na habari yote kifuani.

Mwanasesere huyu Babu alipewa mwaka 1963 na bosi wake wa reli, Mzungu aliyekuwa akifungasha kurudi Uingereza. Ni wa kampuni ya Pedigree, plastiki ngumu, macho ya kulala na kuamka. Alikuwa wa mama mdogo, yule aliyechukuliwa na surua kabla hajaanza shule. Tangu hapo alikaa juu ya kabati na sisi wajukuu tulikatazwa kumgusa. Halafu macho yakakwama wazi. Hata umlaze, anakutazama tu.

Mwaka 1993 Dani alimfunga kwenye leso, tukapanda matatu hadi mjini Kisumu, kwa fundi saa aliyekaa kwenye varanda ya duka, Oginga Odinga Street. Fundi hakucheka; kwa hilo nampenda hadi leo. Alivuta kichwa, akanasua ule mpira unaokishika kwa kulabu, akabana lenzi yake jichoni na kumulika tochi kupitia shingo. Macho yote mawili hushikana kwa chuma kimoja, na nyuma yake huning'inia kipande cha madini ya risasi. Ukimlaza mwanasesere, ule uzito unafuata ardhi, macho yanageuka na kope zinashuka. Cha huyu kilikuwa kimekatika.

Akanituma duka la nyavu nikanunue chubwi. Akaichonga kwa kisu kidogo, maana risasi ni laini, na kila alipokata paling'aa kama sarafu mpya kisha pakaanza kufifia. Akaifunga kwa waya wa shaba, akainamisha kichwa. Macho yakaanguka kwa kishindo. Nzito mno. Akachonga tena, akapima tena, vumbi la kijivu likimjaa kwenye kucha.

"Mama, unataka afunge kabisa, au nimwachie nusu?"

Dani alikawia. Matatu zilipita zikipiga honi, naye bado anatazama kile kichwa mkononi mwa fundi.

"Afunge kabisa, baba."

Fundi alipokilaza, kope zikashuka taratibu. Dani akakichukua, akakiinua, akakilaza, akakiinua, akakilaza. Fundi akajishughulisha na saa ya mtu mwingine.

Jioni Dani alidondosha mafuta ya cherehani kwenye mboni zilizokuwa na ukungu, zikarudi buluu.

Mama aliposikia bei alifoka. Karo ya kaka yangu ilikuwa haijalipwa, na pesa zimeenda kwenye macho ya plastiki? Dani hakumjibu. Karo ilitoka kwa mbuzi aliyeuzwa baadaye. Nani alikuwa na haki, mpaka leo sijakata shauri. Bili zikinibana namwelewa Mama. Mtoto akichemka homa usiku, nahamia kwa Dani.